Mfereji wa Baharia wa Mgeta

Kwetu, milimani juu ya Mgeta, mashamba yamesimama. Sisemi yameinuka kidogo. Yamesimama, kama mtu aliyeitwa na akida. Boga likikatika bua, hulifukuzi. Unashuka kesho yake kwenda kulidai kwa jirani wa chini, naye anakuapia kwamba halikupita kwake, huku chungu chake kinanukia boga. Sasa mtu aliyezaliwa mahali kama hapo, aliyejifunza kutembea kwa kushikilia majani, kitu gani kinampeleka kwenda kuishi juu ya maji?

Swali hilo tulimuuliza mtani wetu mmoja kila tulipompata, na hakuwahi kulijibu vizuri. Nasema mtani wetu kwa sababu ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu kabla Wadachi hawajajua njia ya kuja huku. Kama wewe si wa huku, nikueleze: mtani ni mtu unayemtukana mbele ya mama yake, na mama yake anakupakulia ugali. Lakini utani si kutukanana tu, una kazi yake. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaozika na kufagia uwanja. Wafiwa hawagusi jembe. Na wakati wanalia, mmoja wetu humwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyowaficha watu nyama. Tukifiwa sisi, wao hutufanyia hivyohivyo. Mimi nilizaliwa katika kazi hiyo, na walimu wangu wa shule ya serikali pale Morogoro mjini wanasema nimeizidisha.

Mtani wetu huyo aliondoka akiwa mpagazi, akaishia kwenye reli, akawa anatia kuni kwenye gari la moshi. Mzungu mmoja akaitazama mikono yake, akamtafutia kazi Dar es Salaam, kwenye meli ya biashara inayobeba katani na ngozi kwenda kwao Ulaya. Kazi yenyewe ilikuwa kutia makaa, chini kabisa, tumboni mwa meli, mahali ambapo hata bahari huioni. Na huyu ni mtu aliyeogopa kuvuka mto Mgeta wakati wa masika. Mama yake alikuwa akimshika mkono kumvusha, na ndevu zimeshaota!

Alirudi mara moja tu. Alikuwa akitembea miguu imeachana, kama mtu aliyebeba mtungi kati ya magoti, na alilalamika kwamba mlima umetulia mno, unamtia kichefuchefu. Watoto wote tulimfuata tukitembea vilevile mpaka mama zetu wakatuita. "Hiyo meli," alituambia, "inakula kuliko akida. Tena akida hulala." Kisha akarudi kuilisha.

Habari za kifo chake zililetwa na mwenzake wa kazini, mtu wa Tanga. Alishuka kwenye gari la moshi Morogoro, akauliza njia, akapita Mlali, akapanda. Mimi nilikuwa nyumbani, shule imefungwa kwa ajili ya mavuno, na nilikuwa uwanjani kwa mama wa baharia nikimsumbua. Yeye alikuwa anapukuchua maharage. Ni mzee, rika la bibi yangu, lakini kwa utani wetu nilimwita mchumba.

Yule mgeni alitokea bondeni akipumua kama mvukuto. Miguu ya pwani haijui mlima.

"Mchumba," nikasema, "anakuja mume mwenzangu, lakini huyu atakufa kabla hajafika."

Bibi huyo alicheka. Halafu akaona jinsi mtu yule anavyotembea, miguu imeachana, akaacha kucheka. Nafikiri alijua hapohapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza. Maji hayo hapo."

Yule mtu akanywa, akakaa, akaeleza taratibu, bila kuzunguka. Walikuwa Bahari ya Sham, wakati wa joto. Juu, wazungu walikuwa wanalalamika jua; chini kwenye jiko, jua lingekuwa kivuli. Mwana wa bibi alitoka zamu akasema kichwa kinamuuma. Wakampandisha juu apate upepo, wakammwagia maji, wakamlaza penye kivuli cha mashua ya meli. Alfajiri hakuamka. Serangi, mkuu wa mabaharia, alikuwa Mwislamu kama alivyokuwa marehemu tangu aende pwani. Akasimamia aoshwe, aswaliwe, ashonewe turubai. Miguuni wakamfungia vyuma vya jiko ili azame vizuri. Nguo zake zote zikatupwa baada yake, kwa kuwa mganga wa Kizungu aliogopa homa.

Bibi alikuwa bado ameshika ganda la haragwe.

"Kichwa mlikielekeza wapi?"

"Mama, sikufichi. Tulikielekeza vizuri, lakini meli ilikuwa inakwenda."

"Haikusimama?"

"Ilipunguza mwendo."

"Nani alichimba?"

Mtu wa Tanga alinitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. "Mama, baharini hakuchimbwi."

"Basi mwanangu hajazikwa," akasema bibi, akaweka lile ganda chini, ndipo akalia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokwama. Watu walikuja, kilio kikawekwa, uwanjani pakawashwa moto wa matanga. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha Mlali alipanda mpaka kwetu akamsomea marehemu dua, akasema Mungu anajua walipo waja wake wote, walioko nchi kavu na walioko majini. Bibi alimshukuru sana, akampa maharage ya kwenda nayo, kisha akarudi kulala chini. Maana matanga hayavunjwi kabla ya kuzika, na mama mfiwa hapandi kitandani kabla ya matanga kuvunjwa. Haendi shambani wala hafagii kwake. Na milimani kule baridi haina adabu. Inaingia ndani bila hodi. Bibi akaanza kukohoa. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha kawaida, kisha kikawa kile kinachomkunja mtu. Maharage yake yakaanza kuoza shambani, na watu wa matanga wakaanza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja.

"Panda kitandani, dada," alimwambia kaka yake, ambaye ndiye mjomba mkubwa wa marehemu na mkuu wa ukoo wao. "Utatufia na wewe."

"Nizikieni mwanangu, nitapanda."

"Tumzike nani? Hayupo!"

"Chimbeni."

"Shimo tupu? Wewe unajua. Shimo likichimbwa likakosa mtu, lina njaa. Litatafuta mtu wake humuhumu nyumbani."

Hilo nalo kila mtu analijua. Bibi mwenyewe alilijua, ndiyo maana hakubisha. Alikohoa tu.

Shangazi yangu, upande wetu wa watani, akatoa shauri la mgomba. Akasema amesikia kuna watu wanaokata mgomba wenye urefu wa mtu, wanauvika sanda, wanauzika badala ya aliyepotea.

"Nilizaa mtu," akasema bibi. "Sikuzaa ndizi."

Sisi watani tukacheka. Ni kazi yetu, lakini safari hiyo tulicheka kweli. Yeye hakucheka. Tangu msiba uingie, tulikuwa tunamtania mchana kutwa naye anatutazama kama anayetazama mvua. Nikimwambia, "Mchumba, sura hii ukiendelea nayo naoa mwingine," ananiambia tu, "Oa, baba." Mtani anayekubali kila kitu anatisha.

Siku moja mchana, wakubwa walikuwa wameketi tena na shauri lilelile: shimo, njaa ya shimo, mgomba, shimo. Mtu wa Tanga alikuwepo pia. Alikuwa amesema atakaa mpaka mwenzake azikwe, na nafikiri pia aliogopa kuteremka. Nikaona zamu yangu imefika. Nikachukua masizi ya chungu, nikajipaka uso mzima, kifua na mikono. Nikajifunga gunia kiunoni, nikachukua jembe likawa koleo langu la makaa, nikaingia katikati ya uwanja miguu imeachana, nikiyumba.

"Nani amesimamisha mlima huu?" nikauliza kwa sauti ya marehemu. "Unanitia kichefuchefu!"

Watu wakapasuka. Ilikuwa ni yeye hasa. Hata mtu wa Tanga akajishika mbavu, machozi yanamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya kilio.

"Mjomba, shikamoo," nikamwendea mkuu wa ukoo. "Nasikia mnanigombania. Mnataka kunitia shimoni, mimi? Niliogopa maji nikiwa hai, mkanicheka. Sasa nimezoea, mnanitafutia udongo! Shimo silitaki. Nichimbieni mfereji, nipite zangu, nakwenda kazini!"

Nikatia makoleo mawili matatu ya makaa kwenye moto wa matanga, majivu yakamrukia shangazi, akanitusi, nikamtusi. Mjomba alikunja uso. "Kijana, kuna mipaka."

"Mwache," akasema bibi.

Alikuwa amekaa wima. "Rudia ulilosema."

"Nimesema mengi, mchumba. La shangazi na majivu?"

"La mfereji."

Nikarudia, lakini kwa sauti yangu mwenyewe, na haikuchekesha hata kidogo.

"Maji ya kijito chetu," akauliza, "yanakwenda wapi?"

Hilo nililijua vizuri kuliko nilivyotaka, kwa sababu shuleni ipo ramani ukutani, na nimesimamishwa mbele yake mara nyingi kwa makosa mbalimbali. "Yanaingia mto Mgeta. Mgeta unazunguka mlima, unaingia Ruvu. Ruvu unakwenda baharini, karibu na Bagamoyo."

"Kweli," akasema mtu wa Tanga. "Nimepita hapo na meli wakati wa masika. Unaona maji ya bahari yamekuwa mekundu kwa udongo, mbali kabisa na nchi kavu."

"Udongo wetu?"

"Sasa wa nani, mama? Pwani kwetu hakuna udongo kama huu. Umenilia viatu."

"Na hiyo Bahari ya Sham, ni nyingine?"

"Majina ndiyo mengi. Maji hayana ukuta. Mimi nimetoka Dar es Salaam nimefika Ulaya, sikuvuka mlango wowote."

Bibi akamgeukia kaka yake. Mjomba alichora chini kwa kijiti, na safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyemtania.

"Mfereji si shimo tupu," akasema mwishowe. "Una maji ndani."

"Na maji yanamfikia," akasema bibi.

"Basi watachimba watani. Watauanzia pale walipolala wazee wetu, uwe kwenye safu yao. Utachimbwa kama kaburi, kwa heshima ya kaburi."

Kwetu mifereji si kitu kigeni. Kila mwenye maharage anaijua. Lakini mjomba alisema kama kaburi, na sisi tukachimba kama kaburi. Ukiwapa watani majembe wakiwa msibani, mikono yao inajua jambo moja. Tulichimba tangu asubuhi, tukiimba matusi, tukidai kuku kwa kila jiwe. Mmoja alilala ndani akakataa kutoka mpaka apewe togwa. Binamu yangu aliyewahi kukaa Morogoro kwa Waislamu wa mjini alichonga hata mwanandani, kile kitanda cha pembeni ambamo maiti hulazwa, akajisifu nacho. Jua lilipokuwa juu tulikuwa na mfereji mzuri ajabu: kuta zimenyooka, chini tambarare kama meza, pembe nne sawasawa. Kutoka kwenye kijito tukakata njia ndogo ya kuleta maji. Upande wa chini, maji yalikokusudiwa kutoka, tuliacha ukingo mdogo tu wa kupasua mwishoni, na hata huo tuliupigapiga ukanyooka, maana kaburi lenye mdomo uliopasuka ni aibu kwa wachimbaji.

Tukayaruhusu maji. Yakaja yakisukuma majani makavu na povu, yakaingia, yakajaa mpaka kimo cha goti. Yakatulia.

Tukayatazama. Nayo yakatutazama. Jani moja lilizunguka katikati, likaenda likajibanza kwenye mwanandani wa binamu.

"Amekwama," akasema bibi.

Alisema polepole, lakini niliona jinsi mikono yake ilivyoshikana. Kikohozi kikamjia, kikamkunja, wanawake wakamshika. Mjomba akaanza kutukemea: hatuna akili, kazi yetu ni kula tu. Shangazi akamjibu kwamba ni yeye aliyesema kama kaburi. Binamu akasema tatizo ni mlima. Wote wakawa wanasema kwa pamoja, na hakuna aliyeshuka kwenye ule ukingo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anatafuta wa kumlaumu kwanza.

Bibi akajitoa mikononi mwa wanawake. Akapita mbele yangu, akanipokonya jembe, akashuka mpaka ukingoni.

"Dada!" mjomba akapiga kelele. "Mfiwa hashiki jembe! Unajichimbia?"

"Sichimbi kaburi," akasema bila kugeuka. "Nafungua maji."

Akapiga mara moja, udongo ukachomoka pande kubwa. Akapiga tena. Maji yakapata mdomo, yakatoka kwa kasi, yakamlowesha mpaka kiunoni, yakateremka kwenye ule mlima wetu uliosimama kama vitu vyote vya kwetu vinavyoteremka, bila kungoja. Lile jani likatoka mwanandani, likapita. Bibi akalitazama likipotea kwenye majani ya chini, mahali maji yanapoungana tena na kijito.

"Nenda, baba," akasema. "Nenda. Huna haja ya kushikwa mkono."

Hapo kilio kikapanda upya, kile cha kweli cha kuzikia, na sisi watani tukanyamaza, kwa kuwa wakati wa kunyamaza nao upo hata kwa watu kama sisi. Mjomba alinyunyiza unga wa mtama majini, akamtaja marehemu kwa jina lake la utoto, akawaambia wazee wao wampokee ingawa kapitia njia ndefu.

Mtu wa Tanga alikuwa amesimama kando. Alipoona wamemaliza, akaja akaomba unga.

"Wa nini, baba?" akauliza bibi.

"Mama, wenzetu waliokufa melini ni wengi. Si wote waliofia Bahari ya Sham, lakini hakuna mwenye kaburi."

Bibi akamkabidhi kibuyu chote cha unga. Mtu wa Tanga akachuchumaa, akawataja kwa sauti ya chini, akitupia kila mmoja konzi yake. Mmoja alikuwa mpishi, Mngazija, aliyezidisha pilipili. Mmoja alianguka kutoka mlingotini usiku wa dhoruba, na hata serangi hakujua kwao ni wapi. Mmoja alikuwa mtoto wa Pangani aliyedanganya umri ili apate kazi. Unga ulielea kidogo, ukawa mweupe, kisha ukashuka mlima pamoja na maji. Nilitaka kumtania kwamba anamaliza unga wa watu. Badala yake nikamshikia kibuyu.

Jioni ile matanga yalivunjwa. Watani tulifagia uwanja, tukauzima moto, tukala kuku tuliowadai na wengine ambao hatukuwadai. Bibi alioga maji ya moto, akanyolewa, akapanda kitandani.

Mtu wa Tanga aliteremka siku iliyofuata, akishikilia kila mti. Mimi nilirudi shuleni, nikachelewa, nikachapwa. Nilieleza kwamba nilikuwa nazika baharia mlimani, mwalimu akaongeza.

Nimekwenda nyumbani tena juzijuzi. Bibi bado anakohoa kidogo, lakini nilimkuta shambani. Mfereji unaendelea kupitisha maji, umeshapindapinda kama mifereji mingine, mwanandani wa binamu umebomoka wote. Watu wanaujua sasa. Mama mmoja wa upande wa Mlali, ambaye mwanawe aliondoka na meli nyingine na hazijaja habari wala mtu, huja siku za soko, hukaa pale kidogo, huondoka. Hatumuulizi kitu. Bibi humwekea kigoda.

Kuna jirani wa chini, yuleyule wa maboga. Alitoboa mfereji kimyakimya, akageuzia maji kwenye njegere zake. Niliona, nikapanda mbio kumwambia bibi, maana ugomvi wa aina hiyo si wa kukosa.

"Mchumba! Yule bwana anamwagilia njegere zake kwa mwanao!"

Bibi akasimama akashika kiuno, akatazama chini. Njegere zilikuwa kijani kizuri sana.

"Mwache," akasema. "Mwanangu alikuwa mchoyo huyo, mpaka chumvi alikuwa anaficha. Acha ajifunze kutoa." Akarudi kwenye palizi, kisha akanitupia udongo. "Na wewe umekaa unatazama wake za watu. Shika jembe."